Akitoka gerezani, ni nani anamsimamia?

Maneno yaliyosemwa Goma mbele ya wanachama, wajumbe wa makanisa na wafadhili



Tumeombwa kuongea juu ya kazi ya wakristo kwa watu wanaotoka gerezani. Sisi tunaotembea kwenye makartie kila siku tuko na jambo moja tunalotaka mlibebe leo mkirudi nyumbani. Mtu akitoka gerezani, anachokosa mbele ya pesa ni watu wa kumsimamia. Tunasema watu wanaokubali kutaja majina yao karibu na jina lake: mbele ya familia yake, mbele ya chefu wa avenyu, hata mbele ya yule aliyemshitaki. Bila watu hao, pesa tukimpa leo, kesho kutwa imeisha na yeye amerudi kulala chini ya kibaraza cha duka. Tutaeleza juu ya nini tunasema hivyo, na ni nini tunaomba kwenu.

Tuanze na mahali tulipo. Gereza kuu la Goma, Munzenze, kila mtu hapa analijua. Lilijengwa kwa watu wachache. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni 350. Kwa miaka mingi lilibeba watu maelfu. Mwezi wa Novemba 2012, vita ilipofika mjini, wafungwa walitoka kwa mamia. Tarehe 27 Januari 2025 ikawa tena, na mara hii vibaya zaidi. Wanaume walitoka kwa maelfu. Upande wa wanawake ulishika moto. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume siku ile, na kwamba wengi wao walikufa katika moto huo. Kulikuwa na watoto pia, waliokuwa ndani pamoja na mama zao. Hatuwezi kuongea juu ya kutoka gerezani katika mji huu bila kuwataja wale ambao hawakutoka. Tunaomba tusimame dakika moja kwa ajili yao.

Asanteni. Mukae.

Tangu siku ile, wanaobisha mlango wetu ni wa aina tatu. Wa kwanza ni wale waliomaliza kifungo, wengine miaka mingi iliyopita, na karatasi yao ya kuachiliwa wanayo. Wa pili ni wale waliokaa ndani bila kuhukumiwa, halafu wakaachiliwa kimya kimya. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema polisi hawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia ao kumpeleka mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Nyinyi mliopita mule mnajua namna saa 48 inaweza kuwa miezi, na miezi ikawa miaka, juu dosye imelala kwenye meza ya mtu. Wa tatu ni wale waliotoka tarehe 27, wakati hakukuwa tena na mtu wa kufunga mlango. Kati yao kuna aliyeiba mbuzi na kuna aliyeua. Kuna ambaye hakufanya kitu chochote. Wote wanatembea mjini bila karatasi.

Makanisa ya Goma hayakungoja chama chetu ili kuanza kazi hii. Kwa miaka mingi mapadri, wachungaji, masista na wamama wa mashirika walipeleka Munzenze sufuria za maharagwe, sabuni, dawa na nguo. Chakula cha serikali kikikosa, sufuria ya kanisa ndiyo ilisaidia wale wa Walikale ao Masisi, ambao familia iko mbali na hakuna mtu wa kuwaletea sahani. Kuna watu wameketi katika chumba hiki ambao wako hai juu ya sufuria hizo. Wanajijua. Mathayo 25 wanaifahamu kwa tumbo lao.

Lakini angalieni tofauti. Mfungwa aliye ndani yuko mahali pamoja. Unajua siku ya kwenda, unamkuta, unasali naye, unamwachia sabuni, unarudi kwako. Mlango unafungwa nyuma yako. Siku anapotoka, ule mlango uliokuwa kati yenu haupo tena. Anaweza kubisha kwako saa mbili ya usiku. Anaweza kuketi kanisani benchi moja na wewe, na mama aliyeibiwa naye akiwa benchi ya mbele. Anaweza kuomba kuimba katika kwaya. Hapo ndipo tunaanza kusikia: "Ule mutu tulimusaidia kule ndani, sasa hapa kwetu anatafuta nini?" Tumesikia maneno hayo katika kila kanisa, la wakatoliki, la waprotestanti, la uamsho. Hayasemwi na watu wabaya. Yanasemwa na watu wanaoogopa, na katika mji huu kuogopa kuna sababu.

Sasa tuone juma la kwanza la mtu huyo.

Shida ya kwanza ni mahali pa kulala. Mtu aliyefungwa mwaka 2020, nyumba yake ikiwa upande wa Buhene, alitoka akakuta jiwe jeusi, juu volkano ya tarehe 22 Mei 2021 ilipita pale. Mwingine familia yake ilikuwa kambini Kanyaruchinya, na kambi zilivunjwa mwanzo wa 2025. Hajui walirudi Rutshuru ao walienda wapi. Mwingine anakuta bibi yake ameolewa, parseli imeuzwa na mkubwa wake, na watoto wanamwita "ule baba". Usiku wa kwanza analala wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaamua mambo mengi. Akilala kwa rafiki wa zamani, wale waliokuwa naye kwenye makosa, asubuhi anadaiwa.

Shida ya pili ni karatasi. Kwetu kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Siku ya kukamatwa, kadi ilibaki kwenye kasho ao ilipotea njiani. Bila kadi hawezi kuandikisha simu kwa jina lake, hawezi kupita barabarani bila kusimamishwa. Akisimamishwa na hana karatasi ya kuachiliwa, wanasema ni mtoro, hata kama alimaliza kifungo chake siku kwa siku.

Shida ya tatu ni yule aliyemshitaki. Anaishi palepale. Labda ni jirani, labda ni shemeji. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba mtu wake ametoka. Amemwona tu asubuhi kwenye bomba la maji. Mnaweza kufikiri moyo wake unafanya nini.

Mataifa ya dunia yaliyaona haya. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, mtu aliyekaa gerezani miaka 27. Ndani yake mmeandikwa kwamba wajibu wa jamii kwa mfungwa hauishi siku anaachiliwa: anatakiwa kuwa na karatasi zake, nguo zinazofaa, mahali pa kukaa, na namna ya kuanza kuishi. Ni maneno mazuri. Lakini kwetu hakuna ofisi ya kazi hiyo. Kama haifanywi na shirika, na chumba cha sala, na chama kama hiki, haifanywi na mtu.

Ndiyo maana tunarudi kila mara kwenye barua ndogo ya Paulo kwa Filemoni. Ni ukurasa mmoja tu na watu wengi wanairuka. Paulo mwenyewe yuko kifungoni. Onesimo ni mtumwa aliyetoka kwa bwana wake Filemoni, na labda alimletea hasara. Paulo anamrudisha. Angeweza kumpa Onesimo baraka na nauli, basi. Yeye anaandika barua, anamwita mtoto wake, anamwomba Filemoni ampokee kama angempokea Paulo mwenyewe, na kama kuna deni, anasema liandikwe kwake, yeye Paulo, na anaweka mkono wake kuahidi atalipa. Hiyo ndiyo kumsimamia mtu. Paulo hasemi Onesimo hakukosa. Hamwambii Filemoni asahau hasara yake. Anaingia katikati na jina lake.

Basi hii ndiyo namna tunavyofanya, na tunayotaka makanisa zaidi yafanye. Kwa kila mtu anayetoka, tunatafuta watu watano katika shirika ao katika chumba cha sala kilicho karibu na mahali atakapokaa. Tunasema watano juu mmoja anachoka, na wawili wanaweza kugombana.

Mmoja anaenda kuona familia mbele mtu hajafika, anauliza: mko tayari kumpokea? Kama hawako tayari, bora tujue leo kuliko saa kumi na mbili ya jioni akiwa mlangoni. Wa pili anashughulika na karatasi: anaenda naye kwa chefu wa avenyu na chefu wa kartie, anamtambulisha, anasema "huyu tunamjua, akikosa mniite mimi". Wa tatu ni mwanachama wetu, mtu aliyepita gerezani mwenyewe, juu kuna mambo mtu atayasema kwake tu. Wa nne ni mama anayeketi na bibi wa yule mtu, kumsikiliza; bibi naye alifungwa kwa namna yake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wa tano anabaki na kazi inayoonekana ndogo: anapita kila juma, hata kwa dakika kumi, kwa mwaka mzima. Tumeona kwamba miezi mitatu ya kwanza watu ni wengi. Mwezi wa sita, siku mtoto amefukuzwa shule juu ya minervali na chukudu imevunjika, ndipo mtu anabaki peke yake na mawazo ya zamani yanarudi.

Akitoka mwanamke, hawa watano wawe wanawake wengi zaidi, na waharakishe. Mwanamke aliyefungwa anarudi na haya mara mbili. Mwanaume akitoka, watu wanasema ameteseka. Mwanamke akitoka, wanauliza ni nini walimfanyia ndani, na bwana mara nyingi hamngoji. Kuna wale walioona moto wa Januari na wakapona. Msiwaombe watoe ushuhuda kanisani. Tumeona mchungaji mwenye nia njema akimpa mama maikrofoni, na mama yule hakurudi kanisani tena. Akitaka kusema, atasema siku yake na kwa mtu wake. Kazi yetu ni kumpeleka kwa daktari, kumpatia mahali penye kufuli, na kunyamaza naye.

Kuna swali ambalo wajumbe wengi walituuliza mlangoni, na tusilikwepe. Je, kumsimamia mtu ni kuficha mtu? Hapana, na tuko na mipaka.

Mpaka wa kwanza: hatuendi kwa aliyeumizwa kumwomba msamaha kwa niaba ya mtu mwingine. Tunaenda kumwambia ukweli: mtu huyu ametoka, atakaa avenyu fulani, hawa ndio wanaomsimamia, na ukiwa na woga hii ndiyo namba ya kupiga. Kama siku moja aliyeumizwa anataka kuonana naye, tutaandaa, na wazee watakuwapo. Kama hataki mpaka kufa, ni haki yake, na hatumhubirii juu ya hilo.

Mpaka wa pili: mambo ya ubakaji hayamalizwi nyumbani kwa mbuzi na katoni ya bia. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 ni kali, na haikubali kosa hilo lifungwe kwa amandi. Mtu aliyefanya jambo hilo anaweza kupata chakula kwetu, sala na mtu wa kumsikiliza. Hapati kukaa karibu na yule aliyemuumiza, wala kupewa kazi na watoto wa shule ya jumapili. Wengine wanatuambia hii ni kukosa imani. Sisi tunaona ni kuwapenda wote wawili.

Mpaka wa tatu ni juu ya wale waliotoka tarehe 27. Hatuandiki karatasi za uongo. Kama mtu alikuwa amebakisha mwezi mmoja, ao hakuwahi kuhukumiwa, tunamtafutia avoka ajue dosye yake imefika wapi na anaweza kusema nini siku atakapoulizwa. Wengi hawakujua hata kwamba sheria yetu inaruhusu mtu aliyehukumiwa kuachiliwa kwa masharti akishatimiza robo ya kifungo chake, kama robo hiyo imepita miezi mitatu. Walikuwa na haki ya kuomba mlango, na hakuna aliyewaambia. Kwa yule aliyehukumiwa kwa kosa zito, tunamwambia wazi: tutatembea na wewe, na siku sheria itakuuliza, tutatembea na wewe mpaka pale pia.

Sasa tuseme juu ya pesa, juu tunajua wafadhili wanangoja.

Nyinyi wanachama mnajua muso yetu na masanduku yake matatu. La kijani ni la kuweka na kukopeshana, jekundu ni la kusaidiana wakati wa kifo, ugonjwa na mengine kama hayo, la buluu ni la pesa inayotoka nje. Mtu mpya anaanza na jekundu. Anaweka kidogo, hata franka mia tano za Kongo kwa juma, kama wengine. Mtoto wake akigonjwa, anasaidiwa kama wengine. Mkopo wa kijani unakuja nyuma ya miezi kadhaa, wakati wale watano wanaweza kusema "tunamwona". Wengine walitushauri tumpe mtaji siku ya kwanza, dola mia, aanze biashara. Lakini mtu aliyekaa miaka mitatu bila kushika pesa, mwenye madeni na ndugu wenye njaa, ukimpa dola mia siku ya kwanza umempa watu mia wa kumdai. Akizimaliza, anaona haya na hakuji tena kwetu, na hapo tumepoteza mtu pamoja na pesa.

Kazi zinazoanza ni zile za mji wetu: kuponda mawe ya volkano kwa wanaojenga, kusukuma chukudu, kubeba mizigo Kituku mashua zikifika, kuuza sambaza na mboga, kushona. Hakuna atakayetajirika. Lakini mtu anayerudi jioni na unga na makala ya kupikia, watoto wanaanza kumwita baba.

Kwenu wafadhili tunasema hivi kwa heshima. Mnapenda kujua tuligawa vifaa vingapi: mashine za kushona, chukudu, magodoro. Tutaendelea kuwapa hesabu hizo. Tunaomba mtuulize swali lingine pamoja na hilo: nyuma ya mwaka mmoja, ni wangapi bado wanakula meza moja na familia yao? Na mtusaidie kulipa vitu ambavyo havina picha nzuri: miezi mitatu ya nyumba ya kupanga, nauli ya mtu anayeenda Sake kutafuta familia, kazi ya avoka, simu. Tangu mabanki yalipofungwa hapa, hata kupokea pesa yenu ni safari, na kila makato ni sahani ya mtu. Ahadi ndogo inayokuja kila mwezi inatusaidia kuliko kubwa inayokuja mara moja kwa Noeli.

Na kwenu wanachama, nyinyi mliopita mule. Watu wanadhani nyinyi ni wa kupokea tu. Chama cha kikristo kinachojulikana sana duniani kwa kazi ya magerezani, Prison Fellowship, kilianzishwa Marekani mwaka 1976 na Charles Colson. Alikuwa mkubwa katika ofisi ya Rais Nixon, akafungwa kwa mambo ya Watergate, na alipotoka hakuweza kuwasahau aliowaacha ndani. Hata Paulo aliandika barua yake kutoka kifungoni. Wanaojua njia ni waliopita. Nyinyi mnajua anaogopa nini mtu anapolala usiku wa kwanza nje, kimya bila watu mia karibu naye. Mnajua ni neno gani linaumiza na ni lipi linasaidia. Katika kila kundi la watano tunaweka mmoja wenu, na mpaka sasa nafasi ni nyingi kuliko nyinyi.

Basi tunachoomba leo ni kitu cha kuandika kwenye karatasi. Kila shirika na kila chumba cha sala kilichotuma mjumbe, kituletee majina matano, na namba za simu, na avenyu wanakokaa. Msiandike majina ya viongozi peke yao. Viongozi wako na mikutano mingi. Andikeni yule mama anayejua kila mtu kwenye avenyu, na yule mzee ambaye vijana wanamsikiliza. Waulizeni kwanza kama wanakubali. Sekretari wetu yuko pale nyuma na daftari.

Kuna mtu mmoja ambaye tumeambiwa atafika juma kesho kutoka Beni, hana ndugu Goma, atakaa upande wa Ndosho. Kwa Ndosho tuko na majina mawili tu. Tunatafuta matatu mbele hamjatoka hapa.